Je, ndege ya bei nafuu itafika Songosongo?

Swali: Mimi ni mwalimu katika kisiwa cha Songosongo, wilaya ya Kilwa. Ndege ndogo hutua hapa kwetu kwa ajili ya shughuli za gesi, lakini sisi wakazi tunavuka kwa boti, kisha tunapanda basi kwenda Dar es Salaam au Mtwara. Nakumbuka miaka ile watu waliruka kwenda Mwanza kwa shilingi 32,000. Je, nauli ya namna hiyo itafika siku moja kwenye kisiwa kidogo kama chetu? Na serikali ya kijiji ifanye nini ili kuliharakisha jambo hilo?

Jibu: Mwalimu, nimeishi Mtwara muda mrefu na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika kupanga ratiba na kukokotoa nauli za ndege, kwa hiyo naomba niseme tangu mwanzo kile ambacho wengi wanaogopa kukisema: kampuni ya ndege ya bei nafuu haitafika Songosongo, si mwaka ujao wala miaka 20 ijayo. Kinachoweza kufika ni kiti cha bei nafuu ndani ya ndege ambayo imeshalipiwa na mtu mwingine. Mambo hayo mawili yanafanana kwa jina, lakini anayeyachanganya atapoteza muda wake kuandikia barua ofisi zisizohusika.

Tuanze na nauli unayoikumbuka. Ilikuwa ya kampuni ya fastjet, iliyoanza safari zake Dar es Salaam tarehe 29 Novemba 2012, kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege za Airbus A319 zenye viti 156. Shilingi 32,000 ilikuwa nauli ya kuanzia, kabla ya kodi na ada, na ilikuwa ya wale waliokata tiketi mapema. Aliyekumbuka safari siku mbili kabla alilipa zaidi sana. Mtindo huo haukubuniwa hapa. Kampuni ya Southwest ya Texas, Marekani, ilianza kuutumia mwaka 1971, Ryanair ya Ireland ikauiga na kuukaza zaidi, na siri yake haiko kwenye ukarimu. Unachukua aina moja ya ndege ili mafundi na marubani wasijifunze mashine tano. Unairusha tangu alfajiri hadi usiku. Ikitua unaigeuza ndani ya nusu saa. Unaujaza ukumbi wote wa abiria, kisha unauza begi, chakula na nafasi ya kukaa kila kimoja kwa bei yake. Ukiondoa nguzo moja kati ya hizo, nauli inapanda, na ukiondoa mbili, kampuni inaanguka.

Sasa angalia kilichotokea. Mwaka 2016 uongozi mpya wa fastjet wenyewe uliona kwamba A319 ni kubwa mno kwa njia zake, ukaanza kuhamia kwenye Embraer 190, ambayo ina viti vichache zaidi. Ilipofika Desemba 2018 safari zake nchini zilisimama. Sababu za kuanguka kwake ni nyingi na sitaki kuzipunguza ziwe moja, lakini lile la ukubwa wa ndege linatuhusu moja kwa moja. Kama viti 156 vilikuwa vingi mno kwa njia zinazounganisha miji mikubwa ya Tanzania, basi kisiwa chenye watu elfu chache, ambao wengi wao ni wavuvi na hawana sababu ya kwenda Dar es Salaam kila wiki, hakiwezi hata kuanza kuijadili ndege ya aina hiyo, achilia mbali suala la mahali ambapo ingetua.

Ndege inayowafaa ninyi ni ile ile mnayoiona mara nyingi katika viwanja vidogo vya mwambao huu, Cessna Caravan, yenye injini moja na viti vya abiria 12 au 13. Ni mashine ya kazi hasa. Inatua kwenye changarawe, haihitaji njia ndefu, na fundi mzuri anaijua kama mshonaji anavyoijua cherehani yake. Tatizo ni kwamba gharama zake zinagawanywa kwa watu wachache. Inakunywa lita 200 na ushei za mafuta kwa saa. Juu ya mafuta kuna bima, mshahara wa rubani, matengenezo, na fedha inayowekwa akiba kwa ajili ya injini, ambayo lazima ifunguliwe na kukarabatiwa ikifikisha saa zake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba vyote hivyo pamoja vinafika shilingi milioni 3 kwa saa. Viti 12 vikijaa, kila abiria anabeba shilingi 250,000. Vikijaa 6, kila mmoja anabeba 500,000. Sasa chukua ndege ya viti 70, kama ATR 72 zinazokuja hapa Mtwara, na tuseme inagharimu milioni 8 kwa saa. Ikijaa, kila abiria anabeba kama 115,000. Umeona kwamba ndege kubwa ndiyo yenye gharama kubwa, lakini kiti chake ndicho cha bei ndogo. Hapo ndipo visiwa vyote vidogo vya dunia vinapokwama: watu wake ni wachache kwa ndege ya kiti rahisi, na ndege inayolingana na watu hao ina kiti ghali.

Safari fupi nayo inaongeza mzigo. Kutoka Kilwa Masoko hadi Songosongo kwa mstari wa ndege ni takribani kilomita 45 tu, na mtu angedhani kwamba umbali mdogo maana yake ni nauli ndogo. Sivyo. Ndege hula mafuta mengi inapopanda, na matairi, breki na injini huchakaa kwa idadi ya kuruka na kutua, si kwa kilomita peke yake. Ada za kiwanja na ada ya huduma ya abiria hazijali kwamba umekaa angani dakika 15. Kisha kuna giza: viwanja vingi vidogo vya mwambao havina taa za njia ya kurukia, kwa hiyo ndege inayovihudumia hulala jua linapotua, wakati zile za njia kubwa bado zinafanya kazi.

Naomba nikuoneshe jambo moja kwa karibu, maana hesabu peke yake haitoshi. Nilipokuwa bado kazini nilisimama asubuhi moja kwenye kiwanja kidogo cha kusini, tukiwapakia watu ndege ya viti 12. Karani alikuwa na mizani ya jukwaa, ya aina ile ile inayopima magunia ya korosho ghalani. Kila abiria alipanda na mzigo wake, kwa sababu katika ndege ndogo rubani hahesabu vichwa, anahesabu kilo, na anahitaji kujua kilo hizo zimekaa mbele au nyuma. Mama mmoja alipanda mizani akiwa na mtoto mgongoni, karani akaandika 71. Kisha kikapu chake cha ng'onda kikawekwa, akaandika 18. Rubani aliitazama orodha, akatazama bendera ya upepo, akasema kikapu hakiendi. Mama hakugombana. Aliuliza tu kama kitamfikia kabla ya harusi aliyokuwa anaiendea. Kilimfikia siku ya tatu yake, harusi imekwisha, na kampuni ile, ambayo sina haja ya kuitaja, haikumrudishia hata shilingi. Rubani hakukosea; kosa lilikuwa la waliomuuzia tiketi bila kumweleza. Nakueleza haya kwa sababu mtu wa kisiwani hasafiri mikono mitupu. Akitoka amebeba samaki au pweza, akirudi amebeba sukari, betri, madaftari na bati. Nauli nafuu isiyobeba mzigo haimsaidii, na mzigo ndicho kitu cha kwanza ambacho kampuni ya bei nafuu hukitoza pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ni majira. Huku kwetu ndege ndogo hufuata watalii, na watalii wana miezi yao. Mafia, kwa mfano, papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, na wageni wengi huja kwa ajili yao. Hiyo ni miezi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kaskazi, na boti zenu zinavuka bila hofu kubwa. Masika inapokolea Aprili na Mei, hoteli nyingi za mwambao hufunga milango na safari za ndege hupungua. Baada yake kusi inakaza, bahari inachafuka, na nahodha mwenye busara anafunga boti yake siku mbili au tatu. Kwa maneno mengine, ndege ni nyingi pale mnapoihitaji kidogo, na ni chache pale mnapoihitaji sana. Mei 2024 tuliliona jambo hili kwa macho, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala njiani kwa siku kadhaa. Soko peke yake halitaiweka ndege Songosongo katika wiki ya namna hiyo, kwa sababu biashara inafuata mwenye fedha, na katika wiki ile mwenye fedha hakuwepo.

Usidhani pia kwamba kiwanja cha lami ndicho dawa. Mafia walipata njia ya kurukia ya lami kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, mradi uliokamilika mwaka 2013, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 66,000 huko. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo kisiwa kile kimeendelea kuhudumiwa zaidi na ndege ndogo, na nauli ya 32,000 haijaonekana. Mbali zaidi, kisiwa cha Mtakatifu Helena katika Atlantiki ya kusini, chenye watu wapatao 4,500, kilijengewa na Uingereza kiwanja kilichogharimu pauni milioni 285. Kilipokamilika iligundulika kwamba upepo unaojikunja karibu na njia ya kurukia unazisumbua ndege kubwa, na ndege ya kwanza ya abiria yenye ratiba ilitua Oktoba 2017, ikiwa ni Embraer 190 iliyolazimika kuacha viti vingine vitupu. Kisha mwaka 2018 meli yao ya siku zote ikastaafishwa. Kijiji kikija kuambiwa kwamba kitapata njia ndefu ya ndege badala ya boti nzuri, nakuomba uwe wa kwanza kunyoosha mkono na kuuliza maswali.

Wenzetu wenye visiwa wamefanyaje basi? Wengi wameamua kwamba tofauti kati ya gharama ya kiti na uwezo wa mkazi italipwa na umma. Huko Uskochi, tangu 2006, mkazi wa visiwa vya kaskazini hupunguziwa nauli ya msingi, mwanzoni asilimia 40 na baadaye nusu, kwa kuonesha kwamba yeye ni mkazi. Hispania imekwenda mbali zaidi: mkazi wa visiwa vya Canary analipa asilimia 25 tu ya nauli, serikali inalipa 75. Mpango huu wa asilimia una ugonjwa wake, kwa maana kampuni ikipandisha nauli kwa shilingi mia, mkazi anaumia kwa shilingi 25 na hapigi kelele, huku hazina ikilipa kimya kimya. India iliufuata mwendo tofauti katika mpango uitwao UDAN, ambao safari yake ya kwanza iliruka Aprili 2017: nusu ya viti vya njia ndogo viliwekewa ukomo wa rupia 2,500 kwa safari ya saa moja, na fedha za kufidia zikatokana na tozo kwenye njia kubwa zenye faida, kwa miaka mitatu tu. Njia nyingi zilisimama, baadhi hata kabla ya miaka hiyo kwisha. Mimi napenda ule ukomo wa bei na ule mgawo wa nusu ya viti, lakini muda wa miaka mitatu ni kama kumfundisha mtu kuogelea na kumwacha katikati ya mkondo.

Kwa Songosongo sipendekezi msubiri mpango wa taifa zima. Mna vitu viwili ambavyo visiwa vingi havina. Cha kwanza ni gesi, iliyogunduliwa kwenu mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Kwa sababu yake kuna kiwanja, na kuna ndege ambayo tayari imelipiwa. Ndege ya kukodi inayoleta wafanyakazi sita na kurudi na wanne ina viti vitupu, na gharama halisi ya kumweka mtu kwenye kiti kitupu ni mafuta kidogo na karatasi. Karatasi zenyewe ndizo ngumu. Leseni ya safari zenye ratiba na ile ya kukodi ni vitu viwili tofauti mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kampuni ya kukodi haiwezi kusimama kiwanjani ikauza kiti kimoja kimoja kwa mwananchi kama konda wa basi. Kwa hiyo njia halali ni mkataba wa pande tatu: anayeikodi ndege, mwendeshaji mwenye leseni inayofaa, na halmashauri, ukieleza viti vingapi vimetengwa kwa wakazi, nani anapata kwanza, kilo ngapi kila mmoja, na bima inamlipaje. Ningeanza na viti viwili kwa kila safari, na ningeweka wazi kwamba mgonjwa aliyeandikiwa rufaa na mama mjamzito aliyeruhusiwa na daktari kusafiri wanatangulia.

Cha pili ni ushuru wa huduma unaoingia Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa kutokana na gesi hiyo hiyo. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ikitengwa kununua viti kwa mwaka mzima, na hasa katika miezi ya masika na kusi, mwendeshaji anakuwa na uhakika wa mapato pale watalii wanapokosekana, na uhakika huo ndio unaomfanya ashushe bei. Mwendeshaji yeyote atakuuzia kiti kwa bei ya chini zaidi ukinunua viti 300 kwa mkupuo, na kulipa kwa wakati, kuliko ukinunua kimoja kimoja.

Nikiwa na uwezo wa kuchora njia mwenyewe, ningeichora kama uzi wa shanga: ndege iondoke Mtwara asubuhi, iguse Lindi na Kilwa Masoko, kisha Songosongo, kisha Mafia umbali wa kilomita kama 70, imalizie Dar es Salaam, na mchana irudi kwa njia hiyo hiyo. Kila kituo kinajaza viti vilivyoachwa na kilichotangulia. Abiria wa Mtwara anayetaka kufika Dar haraka hatapanda ndege hiyo, atapanda ile kubwa inayokwenda moja kwa moja, na hilo si kosa. Uzi huu ni wa watu wa katikati. Kwa njia hiyo ingefaa pia ndege ya viti 19, kama Twin Otter au Cessna SkyCourier iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Ina injini mbili, na idadi ya viti 19 si ya bahati, kwa kuwa ikizidi hapo sheria hudai mhudumu wa ndani na gharama inaruka. Kwa upande mwingine, wale waliokuwa wakisubiri ATR 42 ya njia fupi, ambayo ingetua kwenye mita 800, waache kusubiri, kwani mtengenezaji aliufuta mradi huo Novemba 2024.

Utasikia pia habari za ndege za umeme. Mei 2020, katika jimbo la Washington, Caravan iliyofungwa mota ya umeme iliruka kwa nusu saa. Nilifurahi kuisoma habari hiyo, lakini kilo za betri zilichukua nafasi ambayo ingekaliwa na abiria, na ndege ya kibiashara lazima ibaki na akiba ya nguvu ya kwenda kiwanja kingine iwapo imeshindwa kutua. Safari fupi kama zenu ndizo zitakazofaa zaidi siku teknolojia hiyo itakapokomaa. Msiiweke kwenye bajeti ya kijiji.

Ulichouliza mwisho ni kile ambacho serikali ya kijiji inaweza kufanya sasa. Kwanza, endeleeni kudai boti salama yenye ratiba, kwa kuwa hata uzi wangu ukifanikiwa kabisa, watu 9 kati ya 10 wataendelea kuvuka kwa maji, na mzigo wote utaendelea kuvuka kwa maji. Pili, anzeni daftari. Mwendeshaji hatakuja kwa risala. Atakuja kwa idadi. Mpate kijana mmoja makini pale gatini, aandike kila siku watu wangapi wamevuka na wanakokwenda mwisho wa safari, si Kivinje tu bali Dar, Lindi au Mtwara. Wangapi ni wagonjwa. Kilo ngapi kwa kukadiria. Na siku zipi boti zimefungwa kwa sababu ya upepo. Muulizeni kila anayekwenda mbali jumla ya gharama yake, yaani boti, basi, chakula na usiku wa kulala gesti, maana nauli ya ndege italinganishwa na jumla hiyo, wala si na nauli ya basi peke yake. Msiandike majina. Anzeni Machi, kabla ya masika kukolea, mwendelee hadi kusi ikatike, kisha unitumie nakala, nami nitaukokotoa uzi ule kituo kwa kituo na kukueleza viti vingapi inafaa mviombe.